Karafuu Maiti kwenye Makapi

Kwenye karakana yangu ya Gerezani tunachemsha makapi ya chikichi kwa magadi makali, kisha tunasuuza mpaka zibaki nyuzi nyeupe za kutengenezea karatasi. Msaidizi wangu Hashil huosha pia maiti msikitini kwao, Ilala. Juzi, eti kuondoa harufu ya mawese, akatia karafuu maiti kwenye maji ya mwisho. Nilimfokea kwamba haya ni makapi, siyo marehemu. Tukazitandaza nyuzi mezani, tukaenda kula.

Tuliporudi zilikuwa zimejikusanya, ndefu kama mtu, zimelala kwa ubavu wa kulia, zimeelekea kibla.

Hashil hakushtuka.

“Ulitaka afanyeje, dada Blandina?” akaniuliza taratibu. “Nimemuosha, nimemtia karafuu maiti, halafu tukamwacha tukaenda kula.”