Juu ya Kompaila

Kosa lilikuwa lilelile, kwenye mstari uleule. Niliusoma tena. Mstari haukuwa na kasoro.

Chumba chetu cha kukarabati kompyuta kuukuu kiko mtaa wa Balsall Heath, huku ughaibuni, ghorofani, na chini yetu kuna mkahawa wa balti, mchuzi wa karai. Tangu asubuhi harufu ya vitunguu ilikuwa imenichosha. Kompyuta iliyokuwa mezani ilikuwa ya Mama Henriette. Kesho yake alikuwa na usaili wa kazi mtandaoni: kuhudumia wazee, kazi ya mchana, aachane na kufagia maofisi usiku. Lakini kompyuta ile haikuiona waifai, na isingeiona mpaka kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ijengwe upya. Kila nilipoijenga, kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, iligoma palepale.

Mwenzangu Landry, mtu wa Bukavu kama Mama Henriette, alikuwa ameitazama huku akivaa koti aende zamu yake ya ghala, ambako simu hufungiwa kabatini.

"Dada Siti, usijisumbue. Hii yote ni juu ya kompaila."

Nikamwelewa. Kosa linalotangazwa mstari huu mara nyingi limeanzia mistari ya juu. Basi nikapanda juu, faili zima, kisha mafaili yanayolitangulia. Mabano, nukta mkato, kila kitu. Sikuona kitu. Macho yakaniuma, yakatoka machozi, nikalaza kichwa mezani.

"Binti yangu, unalia juu ya nini?"

Mama Henriette alikuwa mlangoni, ametokea kwake Longbridge, koti linachuruzika mvua.

"Juu ya meza, mama."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Maskini! Meza imekufanya nini?"

"Si umeniuliza nalia wapi?"

"Wapi unalia, naona! Nauliza juu ya nini. Pourquoi! Sababu! Ninyi wa Zanzibar munasema Kiswahili ni chenu, na hamukijui."

Niliinua kichwa taratibu. "Mama, mtu akisema hii yote ni juu ya kompaila?"

"Kompaila ni nani?"

"Programu tu."

"Basi ni huyo mwenye makosa. Mbona unajilaumu weye?"

Chuoni tulifundishwa kwamba kuilaumu kompaila ni uvivu. Hata haikunijia kuishuku. Nikaiondoa kompaila ile, toleo jipya kabisa, nikaweka toleo la nyuma yake, nikaanza upya. Mama Henriette alivua viatu, akasinzia kitini. Mistari ikapanda, ikapanda. Faili lile likapita kimya, kama halijawahi kunitesa.

Nikaiwasha upya kompyuta. Alama ya waifai ikatokea pembeni, ndogo, nyeupe. Nilimwacha alale kidogo zaidi kabla ya kumgusa bega.

"Inaona, mama."

Alikodoa macho kwenye kioo, kisha akanitazama mimi. "Umechoka, binti."

"Juu yako, mama."

Akanipiga kofi jepesi, akaivuta kompyuta kwake. "Bon, haya. Nionyeshe wapi watanionea sura kesho."