Kamba ya Monty

...na asiyetaka kuamini asiamini, lakini kulungu jike, mkubwa kama punda, alimrukia Monty pale pale bwawani, bila sababu, kamba ikakatika, mbwa akatoweka, ndivyo Jarvis alivyosema mara tatu na angesema ya nne kama huyu mama mlinzi wa bustani asingekuwa anaandika polepole hivi, utadhani anachonga jina la marehemu kwenye jiwe, "Bwawani upande gani, kijana?" upande wa maji, mama, bwawa lina upande gani mwingine, na waendesha baiskeli wanapita na vikaptula vyao vya kubana, na mtalii anamgusa bega kumuuliza wale wenye pembe wako wapi, kana kwamba Jarvis ameajiriwa hapa, ingawa kwa kweli wangemwajiri wangepata faida, kazaliwa hatua mia mbili kutoka lango la Kingston, shule aliwaachia wenyewe akiwa na miaka kumi na tano, lakini bustani hii ya wafalme anaijua kuliko wafalme, jana tu aliwaambia jamaa zake, kulungu wa Richmond wananijua kwa sura, kesho mtaona kwenye video... na babu Len naye, katulia kwenye benchi na chupa yake ya chai, si afoke basi, si atukane kidogo, mzee wa miaka themanini na moja anapuliza mluzi kuelekea bwawani, anasikiliza, anapuliza tena, mluzi ule ule wa bibi, maana Monty alikuwa mbwa wa bibi, na tangu bibi azikwe babu hana wa kuongea naye asubuhi ila mbwa huyo, "Leo mvua, mzee mwenzangu," na Jarvis humcheka, "Babu, kwani anakujibu?" "Kukuzidi wewe"... na asubuhi hii, mlangoni, "Mpeleke kando ya mto, bwana mdogo, mwezi huu kina mama wamelaza watoto majanini," kila mwezi wa sita wimbo huo huo, mtaa mzima unauimba, kulungu aliyezaa akiona mbwa haulizi, "Babu, mimi na kulungu ni ndugu"... redio ya mlinzi inakoroma, "Tumezunguka bwawa mara ya pili, hakuna kitu," bila shaka hakuna, walitegemea kukuta nini bwawani zaidi ya bata, watu wazima na sare zao, kwa nini hawapandi kule juu kwenye miti ya mialoni, kwenye majani yanayofika kiunoni, hata mpumbavu angejua... angejuaje, nani kawatajia mialoni, bwawani kasema nani, mara tatu, kwa mdomo wake... mkono mfukoni umeshika kamba, kulabu yake nzima, baridi, "Na hiyo kamba ilikatikia wapi?" mlinzi anauliza, na babu midomo imemkauka, mluzi unatoka hewa tupu, kaipa mialoni mgongo, Monty sikio moja halisikii, na yupo kule juu, labda kalalia ubavu aliopigwa teke na kulungu, na mluzi wa bibi unaenda kwa bata...

"Babu."

"Nyamaza, nasikiliza."

"Usipulizie huko, babu." Akaitoa kamba mfukoni, nzima, akaiweka kwenye benchi karibu na chupa ya chai. "Haikukatika. Nilimfungua mwenyewe, kule kwenye mialoni. Nilitaka nimrekodi akimkimbiza mtoto wa kulungu."