Paa Moja, Milango Kumi

Mwaka ule wa mvua za El Niño niliwatoa wanaume tisa vyumbani mwao bila kumgusa hata mmoja. Nawaambia mapema, msije mkadhani najuta.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa mabanda wa Kisumu Ndogo, kwenye ploti ya vyumba kumi vilivyopangwa mstari mmoja chini ya paa moja refu la mabati. Mume wangu Obonyo alikuwa amevunjika mkono kazini, kwenye mjengo, akawekewa plasta hadi juu ya kiwiko. Binti yetu Adhis, wa miaka mitatu, alikuwa ametoka hospitali na nimonia. Daktari aliniambia neno moja tu: mtoto asilowe tena. Nikarudi naye nikakuta maji yanadondoka kitandani.

Kuziba paa si kazi ngumu. Baba yangu alikuwa fundi wa mabati, na nilipokuwa mdogo mimi ndiye niliyekuwa nikimpandia, maana nilikuwa mwepesi. Nilipofika miaka kumi na miwili alininyang'anya nyundo, akasema sasa mimi ni mwanamke. Kwetu mwanamke hapandi paa. Akipanda, wanasema anamtakia mwanaume wa nyumba hiyo kifo. Nyundo akapewa kaka yangu, ambaye mpaka leo hajui kupigilia msumari bila kuupinda.

Kwa hiyo nilishika adabu. Fundi niliyemfuata hadi steji ya Kawangware 56 aliniambia ana mapaa ya wiki mbili yanamngoja. Nikazunguka ploti siku nne nikiomba. Mvua ilikuwa imesimamisha vibarua, wanaume wamejaa nyumbani wakipiga soga, na kila mmoja akaniambia kesho. Mzee Oyoo, mwenyekiti wa chama cha watu wa kabila letu, hakusema hata kesho.

"Mama Adhis, hiyo nyumba iko na mwenyewe," alisema, akimtazama Obonyo. "Ama huyo si mwanaume tena?"

Wenzake wakacheka. Siku iliyofuata, nikiwa nimeenda kutafuta dawa, alipanda ngazi kwa mkono mmoja na wao wakimshangilia kutoka chini. Nilimkuta matopeni, plasta imepasuka, machozi yanamtoka. Wote waliomshangilia walikuwa wameingia vyumbani, isipokuwa jirani Wepukhulu, fundi wa rangi, aliyekuwa akiikagua ngazi yake kama imepona. Hapo nilishikwa na hasira ambayo haijaniisha hadi leo. Mtu mzima, baba wa mtoto, alikaribia kuvunjika shingo ili asichekwe.

Asubuhi yake Adhis alikohoa mpaka akakosa pumzi. Sikuomba mtu tena. Nilichemsha lami kwenye mkebe, nikakata tyubu kuukuu ya baiskeli vipande vidogo vya kukaa chini ya vichwa vya misumari, nikavaa suruali ya Obonyo, nikaiegemeza ngazi ukutani.

Mzee Oyoo alitoka mbio. "Wewe! Unataka kuua mtu?"

"Nataka kuziba paa, mzee."

"Paa ni ya mwanaume!"

"Hii ni ya landlord. Boma la mume wangu liko kijijini Alego, na huko sijapanda kitu. Hapa tunalipa rent tu."

Alifikiri kidogo, kisha akagundua jambo lililomtoa jasho kwenye baridi ile. "Lakini hii mabati ni moja," alisema. "Ukipanda kwako, umetupandia sisi wote!"

"Basi nitawamaliza wote kumi," nikasema, nikaweka mguu kwenye ngazi.

Hamtaamini. Walitoka! Manyunyu yalikuwa yameanza, na wanaume wazima wakabeba viti vyao wakaenda kusimama uani, ili wasikutwe chini ya mwanamke. Wepukhulu naye akatoka, ingawa yeye ni Mbukusu na hakuwa hata mwanachama. "Mimi siko kwa mambo yenu," alisema, "lakini pia sitaki stori."

Obonyo alibaki amesimama mlangoni. Mimi nilikuwa nimeshafika ukingoni mwa mabati, nikamtazama, na nasema kweli, niliogopa. Matundu ya misumari huyaoni ukiwa juu. Lazima mtu awe ndani ya chumba chenye giza, aone mwanga unapopenya, akugongee. Lakini si hilo tu. Kama angewafuata wale uani, sijui ningeshuka kurudi kwenye nyumba gani.

"Baba Adhis, kuja huku," mzee akamwita. "Ukikaa hapo ndani, kwa chama tutakuhesabu maiti."

Obonyo aliwatazama mmoja mmoja, watu aliokuwa akila nao na kuzika nao. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilitambaa juu ya mabati, nikangoja. Chini ya goti langu pakagongwa mara tatu kwa mpini wa ufagio. "Hapa!" akaita. Nikapigilia, nikapaka lami. "Songa kwa ukuta. Hapa!" Tundu la tatu, la nne. Adhis naye akaanza kupiga kelele, hapa, hapa, mahali pasipo na tundu lolote, na mimi nikacheka peke yangu huko juu huku pua inanitiririka.

Nilikuwa namalizia la mwisho mvua ilipomwagika. Uani walisimama, mashati yamewaganda mgongoni, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kurudi ndani. Mzee Oyoo alikuwa amejifunika kiti kichwani.

"Obonyo!" akapaza sauti. "Bado uko hai?"

Nilitulia, nyundo mkononi, nisikie atajibu nini.

"Nimekufa, mzee," Obonyo akajibu kutoka chini yangu. "Lakini huku ndani hakunyeshi."