Breki ya Mwalimu

Kigari changu kipya ni kidogo kama kiatu, lakini ukigusa mafuta kinachomoka kama mwizi aliyesikia yowe. Siku ya kwanza tu machale yalinicheza, nikayapuuza. Majirani wakanuna, shauri yao! Mimi ni mwalimu wa udereva, na gari la chuo lina breki ya pili, miguuni pa mwalimu.

Leo mke wangu kaomba akiendeshe yeye kigari. Tulipofika kwenye mteremko, akasita.

"Usiogope, mama watoto," nikamwambia, kama ninavyowaambia wanafunzi kila siku. "Wewe kanyaga mafuta, breki ninayo mimi."

Akaniamini, akakanyaga. Mbele yetu lori likaingia barabarani. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote.

Chini palikuwa na zulia tupu.