Usipige Honi

Mimi si mtu wa kunyamaza. Hata daktari aliyenitia vyuma kwenye nyonga alilijua hilo. Niliendesha bodaboda hapa Dandora miaka kumi na sita, na kelele zangu zilijulikana hadi mtaa wa Huruma. Kwa hiyo msinicheke nikisema kwamba kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kupewa ilikuwa kufunga mdomo, nayo ikanishinda.

Barabara yetu inapita kando ya jaa la taka, na jaani kuna makorongo, wale ndege wakubwa wenye upara na mfuko shingoni. Hutoka takani wakavuka lami polepole, kama wenye ploti waliokuja kukagua nyumba zao. Mwaka jana mmoja alisimama mbele yangu, nami nikampigia honi. Ningefanya nini? Sisi hapa honi ndiyo salamu na ndiyo matusi. Mtu husogea, mbuzi husogea. Korongo akishtuka huruka, na kwa kuwa ni mzito hapai upesi. Alinigonga kifuani kabla hajafika juu. Nilipozinduka nilikuwa mtaroni, na tangu siku ile natembea kwa magongo.

Binti yangu Kui, wa miaka ishirini na mitatu, akasema ataendesha yeye. Nilifoka mpaka majirani wakafungua madirisha. Alinisubiri nimalize.

"Baba, kwani hiyo pikipiki itajiendesha?"

Kui ana kichwa kigumu, na mtoto wa nyoka ni nyoka, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Kama nimeshindwa kumzuia, basi nimfundishe. Nilimwambia akimwona korongo apunguze mwendo mapema, ashike breki akiwa amenyooka, asikwepe ghafla. Asimwondolee macho. Akishavuka mmoja asubiri kidogo, huenda mwenzake yuko nyuma. Na zaidi ya yote, asipige honi wala kelele. Amwache apite kwa miguu yake.

"Na nikiogopa je?"

"Ogopa kimya kimya."

Alipoanza kazi sikuweza kukaa nyumbani. Kila asubuhi nilijikokota hadi steji, na Jackton, mwenyekiti wa waendeshaji, akanipa kreti ya soda nikalie.

"Baba Kui, leo tena umekuja kutusimamia?"

"Nimekuja kuota jua."

"Si jua iko hata kwa ploti yenu?"

Wakacheka. Niliwaacha wacheke.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, nilimwona Kui akirudi kutoka upande wa jaa, bila abiria. Anaendesha vizuri yule mtoto. Nilijivunia, niseme ukweli. Kisha korongo akatoka takani, akaweka mguu kwenye lami, kati yake na sisi. Nilijua Kui amemwona, maana alianza kupunguza mwendo mapema, na pikipiki ilibaki imenyooka. Korongo akaenda hatua mbili, akasimama katikati ya barabara. Jackton, aliyekuwa juu ya pikipiki yake kando yangu, alikuwa ameshapeleka kidole kwenye honi ili amwonye Kui. Nikamchapa mkono kwa gongo.

"Wacha!" nilinong'ona. "Wacha apite."

Kui akapunguza zaidi. Toka nilipoketi hadi kwake palikuwa na hatua kama hamsini, na mimi hata tano ni safari. Korongo akainua bawa moja, kidogo tu. Labda alikuwa anajikuna, sijui hadi leo. Nikakumbuka kifua changu, nikakumbuka mtaro.

"Kui!"

Niliita kwa sauti ile ile inayojulikana hadi Huruma. Korongo akashtuka, akanikimbia mimi, akamwelekea yeye huku amefungua mabawa. Na Kui, ambaye hakuwa amemwondolea macho hata mara moja, akainua uso kunitazama.

Bawa lilimpiga kwenye helmeti. Pikipiki ikalala na kumburura. Jackton na wenzake wakafika mbio, mimi nikafika wa mwisho, wakati wameshamketisha. Korongo alikuwa ametua upande wa pili, anatembea.

Alivunjika mfupa wa bega na kifundo cha mkono. Wiki nane, walisema hospitalini. Yuko hai, namshukuru Mungu, na kila nikimshukuru naona aibu.

Jioni ile, nikimlisha kwa kijiko, nilimwambia, "Nimekuvunja mimi."

Alimeza kwanza. "Nilikuwa nimemwona, Baba. Nilikuwa nimempima kabisa. Lakini niliposikia sauti yako nikadhani kuna kitu wewe umeona, mimi sijaona."

Ndivyo nilivyomlea. Tangu akiwa mdogo, nikiita, anageuka. Katika yote niliyomfundisha, sikuwahi kumwambia asinisikie.

Akaniambia kwamba akipona atarudi barabarani. Safari hii sikufoka.

"Lakini usikuje steji, Baba."

"Nitakuja ninyamaze."

Alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo iliniuma kuliko vyuma vya nyonga. Hakuniamini. Mimi mwenyewe sikujiamini.

Wiki nane ziliisha jana. Leo asubuhi amevaa helmeti mpya, amekunywa chai, ameniaga. Alipofika mlangoni nilimwomba anifungie kwa nje, aende na ufunguo.