Upatu Uliomfuata Paskalina

Wanawake kumi wa Kansay walikuwa wakicheza upatu wa mahindi, na mkubwa wao alikuwa Rozalia, mama mkali ambaye kila mtu alimwogopa, mumewe akiwemo. Kila mwezi kila mmoja alileta debe moja, wa zamu akaondoka na yote. Sheria ilikuwa moja tu: asiyefika kikaoni, zamu yake inarukwa. Rozalia aliwahi kumruka ndugu yake wa tumbo moja, tena bila kupepesa macho.

Masika ya mwaka sabini na saba zamu ilikuwa ya Paskalina. Wiki mbili kabla ya kikao, mumewe Hilari akafariki. Basi kwa desturi ya Wambulu Paskalina akaingia metimani, yaani karantini ya msiba, maana mkosi wa kifo huambukiza: aliyefiwa hukaa kwake na wanawe, haendi kwa watu wala watu hawaji kwake, hapeani nao mkono, kitu chake hakiguswi, mpaka wazee waseme basi. Inaweza kuwa miezi.

Mvua ikaanza. Paskalina alikuwa na watoto wanne na ghala tupu. Mbegu walishaila Hilari alipokuwa anaumwa. Jembe alikuwa nalo, lakini apande nini? Mawe? Zamu ikirukwa ingerudi baada ya miezi kumi, mvua zimekwisha kitambo. Siku ya kikao alikaa jikoni tangu alfajiri akilia, akijua kwamba saa ile Rozalia anatamka jina la mwingine.

Jua lilipopanda akasikia majembe. Akachungulia mlangoni. Kule mwisho wa shamba lake wanawake tisa wamejipanga mstari mmoja, wanalima wakiwa wamempa mgongo, ili macho yasikutane na desturi isivunjwe. Na katikati yao nani? Rozalia mwenyewe, kanga kaifunga kiunoni, matope mpaka magotini.

"Sisemi na mtu mimi," Rozalia akapaza sauti, akiiambia hewa. "Nasema tu kikao cha leo kiko hapa. Asiyekuwepo ajitaje."

Wenzake wakacheka.

"Basi wote tupo. Pandeni."

Wakalima, wakapanda, wakaacha hatua ishirini kuizunguka nyumba. Jioni wakaondoka bila kugeuka. Mpakani mwa shamba walikuwa wameacha madebe manane yaliyojaa, na la tisa nusu, kwa kuwa mbegu ilitoka humo. Paskalina akasimama mbele ya mahindi yale. Alijua fika kwamba mwaka ule hakukuwa na nyumba Kansay yenye chakula cha kuchezea, na alijua wanawake wale wanaiogopa metimani kuliko chui. Miaka kumi na miwili ameishi nao akidhani anawafahamu.

Binti yake Petronila akamuuliza kama wale mama watarudi.

"Watarudi kupalilia," Paskalina akasema, na akajishangaa mwenyewe, maana hakuna aliyemwambia, na hakuwa na shaka hata chembe.