Bega la Baba Mkwe

Wenzake kazini walimwita Vidole, na jina lilimkaa hata akasahau kuitika la kwake. Alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia, miaka kumi na tisa akibonyeza migongo na mabega ya watu katika chumba kile cha vitanda vinne na mapazia yasiyofunga vizuri. Alikuwa na msemo wake: "Vidole hivi vina macho." Aliusema hata pale ambapo hakuna aliyemwuliza, jamani, na ndivyo alivyokuwa.

Basi ilipoletwa mashine ndogo ya altrasaundi, ya kusukumwa kwa magurudumu hadi kitandani ili ionyeshe misuli na kano zilizochanika kule ndani ambako ngozi haisemi kitu, aliitazama kama mtu aliyeletewa mke mwenza. Wenzake wakajifunza kuitumia. Yeye ng'o! Akawa anaitundikia koti lake.

Mgonjwa wake wa Jumanne alikuwa baba mkwe wake, fundi rangi, bingwa wa dari. Bega la kulia lilikuwa likimuuma. Wiki sita nyuma Vidole alilibonyeza, akafumba macho kama anayetafuta stesheni ya redio, akatoa hukumu: "Msuli umekaza tu, baba. Vuta mpira huu mara sitini, asubuhi na jioni." Mzee akavuta. Sasa brashi haikupanda tena kupita kidevu.

"Mwanangu," alisema, "mimi sina kazi nyingine. Mkono huu usipopanda, ndiyo basi."

"Ongeza ziwe themanini, baba."

Mtaalamu mwenzake aliyehudumia kitanda cha pili, mwanamke wa maneno machache, aliondoa koti juu ya mashine. "Tumpime. Dakika tano tu."

"Hiyo inaona ugonjwa hata pasipo ugonjwa," Vidole alibisha. "Nipime mimi kwanza, mwenye bega zima. Uone itakavyonizushia."

Hapo ndipo alipojichongea. Maana hilo bega zima lilikuwa likimnyima usingizi miezi miwili, na mkewe ndiye aliyekuwa akimvalisha shati kila asubuhi. Lakini alikuwa amejibonyeza mwenyewe na kujiambia ni uchovu. Nani angembishia, ilhali tabibu na mgonjwa walikuwa mpumbavu mmoja?

Akavua shati kwa kujipindapinda, baba mkwe akimtazama. Akapakwa jeli ya baridi. Kwenye skrini kano ilionekana kama utepe wa kijivu, na pembeni mwa utepe palikuwa na doa jeusi.

"Hapa pamechanika kidogo," alisema mwenzake.

"Mganga hajigangi," alisema baba mkwe kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Vidole.

Ikafika zamu ya mzee. Doa lake halikuwa doa, lilikuwa shimo. Nyuzi chache tu ndizo zilizoshika.

"Bado inashoneka," mwenzake alisema, "lakini aonwe na daktari wa upasuaji wiki hii hii. Zikikatika hizi, atalaza brashi moja kwa moja. Na huo mpira auache leo." Kisha akamgeukia Vidole. "Mbona doa lako ni dogo? Ulikuwa ukifanya mazoezi gani?"

Vidole alitafuta uongo, akaukosa. "Sikufanya. Nilikuwa mvivu."

"Loo, afadhali wewe," alisema baba mkwe. "Mimi nilikuwa navuta mara sitini. Siku nyingine sabini, nikijua utamwuliza binti yangu nyumbani kama navuta. Sikutaka nikuaibishe, mwanangu."

Vidole alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na vidole vyake kumi vyenye macho. Mzee alikuwa ameumia kwa utiifu, na yeye alikuwa amenusurika kwa uvivu.

"Nisamehe, baba. Nilikosea, tena nilijigamba."

Mzee alimsogezea kalamu kwa mkono wa kushoto. "Niandikie hiyo barua ya kwenda kwa daktari. Na hivyo vidole vyako?"

"Kuanzia leo ni vya kupaka jeli, baba."

Baba mkwe alicheka mpaka bega likamuuma. Vidole aliandika barua, kisha akamshikia shati amsaidie kulivaa, lakini mkono wake mwenyewe ukagoma njiani. Wakabaki wamekaa kitandani vifua wazi, mzee na mkwewe, wakingoja mwenzake wa kitanda cha pili aje awavalishe wote wawili.